Kahawa ya Kusubiri

"Koo safi," alisema daktari wa chumba cha maiti. "Ulimi haukuvimba, uso haukuvimba, kifuani hakuna hata kipele. Kama mzio ndio uliomuua huyu mzee, basi ni mzio wenye adabu sana."

Mpelelezi Leocadia Tepox aliibana simu kwa bega, akaendelea kumenya chungwa. "Na makalioni?"

"Alama za sindano, za siku tofauti. Zote ziko juu kwa nje, panapotakiwa. Aliyezichoma anaijua kazi yake. Ila iko nyingine. Mkono wa kushoto, kwenye kiwiko, upande wa ndani. Hiyo imeingia mshipani bila kukosea, na ni ya siku ile ile aliyokufa."

Chungwa likabaki nusu mezani.

Mpaka dakika ile, kesi ya Mzee Evodio Cuautle ilionekana imejimaliza yenyewe. Mzee alikuwa mkulima wa maua ya wafu, yale ya njano ya kupamba makaburi, katika mtaa wa Santa Rita. Mwiba wa waridi ulimchoma mguuni, jeraha likaingia bakteria, mguu ukavimba hadi gotini. Daktari akamwandikia seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, moja kila asubuhi ndani ya msuli. Mchomaji alikuwa Hermelinda Toxqui, ambaye mtaa mzima ulimwita akiumwa mtu, kama ulivyowaita mama yake na bibi yake waliomtangulia katika kazi hiyo. Asubuhi moja alimchoma mzee; kabla ya adhuhuri mzee akatetemeka mwili mzima na kufa. Binti yake, Nicéfora, alilia hadi barabarani kwamba Hermelinda kamuua baba yake. Askari wakamzoa Hermelinda pamoja na mkoba wake.

"Tepox!" Mkuu Arriaga alisimama mlangoni akiwa na koti tayari begani, maana sikukuu ya Wafu, ambapo marehemu hualikwa nyumbani kwao, ilikuwa inaanza na yeye alikuwa na makaburi matatu ya kusafisha. "Hakimu anakaa saa kumi. Mama hana cheti cha uuguzi, kachoma, mzee kafa. Unataka nini tena, bendi ije ipige?"

"Nataka kumjua aliyemchoma mkononi."

"Binti yake keshasema. Mzee alipimwa damu, mambo ya sukari. Wewe unamtetea yule bibi kwa sababu alikuchoma ulipokuwa mtoto."

"Alimchoma kila mtu, mkuu. Hata wewe."

Bulmaro, askari mwenzake, alikohoa ndani ya kikombe chake. "Nusu ya mji huu, afande, Mama Hermelinda aliyajua makalio yao kabla ya wake zao."

"Saa kumi," Arriaga alisema, akaondoka.

Leocadia alijua maana ya saa kumi. Hakimu akishasema ndiyo, bibi wa miaka sabini na ushei anapakiwa garini, anapelekwa gereza la Puebla, na kutoka huko si leo wala kesho. Jambo hilo lilimuudhi. Alimtuma Bulmaro kwenye maabara ya mji akaulize kuhusu hicho kipimo cha sukari, naye akashuka ngazi kwenda mahabusu.

Hermelinda aliletwa akiwa amejifunika shali hadi masikioni. Alikaa, akamtazama Leocadia juu hadi chini.

"Umekula?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza wewe, mama."

"Basi uliza. Lakini umekonda, mwanangu."

"Nieleze ulivyofanya asubuhi ile. Anzia mlangoni."

"Kama siku zote. Nilinawa mikono. Nikamwuliza, umelalaje, umewashwa popote, pumzi inapanda? Akasema kinachomuuma ni tako tu, na ni mimi niliyemtia maumivu. Nikasoma boksi, jina la dawa na tarehe yake. Nikachanganya unga na maji, nikatikisa hadi ikawa haina chembe. Nikachoma. Nikavuta bomba nyuma kidogo nione kama damu inarudi. Haikurudi, nikasukuma polepole. Sindano nikaitia kwenye kopo langu, nikafunika. Kisha nikanywa kahawa."

"Kahawa ya kusubiri."

"Hujaisahau." Bibi alitabasamu kidogo. "Mama yako alikuwa akizidisha mdalasini."

Nani angeisahau? Hermelinda hakuwa mtu wa kuchoma na kukimbia. Akishachoma, huvuta kiti mbele ya mgonjwa, nyumba humletea kahawa, naye huinywa taratibu kama askofu, macho hayabanduki kwa mgonjwa. Mzio mbaya ukija, huja mapema, na yeye alitaka ukija umkute pale pale. Mkobani alikuwa na adrenalini aliyopewa na daktari, na mpaka siku hiyo hakuwahi kuifungua.

"Na mzee alikuwaje wakati unakunywa?"

"Alikuwa ananitukana. Mzima wa afya."

"Mama, ana alama ya sindano mkononi. Mshipani."

Hermelinda aliutoa mkono wake wa kushoto chini ya shali, akauweka mezani. Vidole vilikuwa vimejikunja kwa baridi yabisi, vigumu. "Mshipa unataka mikono miwili, mmoja wa kuutega na mmoja wa kuchoma. Mimi ninao mmoja na nusu. Mshipani siingii, mwaka wa ngapi sasa."

"Basi nani aliingia?"

"Sijui."

Lilitoka haraka mno. Mwanamke huyu alikuwa ameeleza asubuhi nzima hatua kwa hatua, na sasa neno moja lilimtoka kama mtu anayefunga dirisha.

"Wakikupeleka Puebla hutarudi karibuni. Unalijua hilo?"

"Gerezani nako kuna watu wanaoumwa, mwanangu." Akalirudisha shali lake. "Nimezeeka. Acha yaishe."

Leocadia alisubiri. Hermelinda alisubiri pia, na katika kusubiri alikuwa na uzoefu mkubwa zaidi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mpelelezi alitoka mle ndani akiwa na hakika ya jambo moja: bibi huyu hajiogopei yeye.

Nje, Bulmaro alikuwa ameegesha gari akila tamali, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake. "Maabara hawamjui, afande. Mzee Evodio hajakanyaga pale mwaka huu wote. Sukari ya nani?"

"Binti kadanganya."

"Au kachanganyikiwa. Kafiwa yule."

"Tutajua. Twende Santa Rita."

Jirani wa Mzee Evodio aliitwa Prisciliana, mjane mwenye tanuri, na siku ile lango lake lilikuwa wazi kwa sababu ya mikate ya wafu. Alipoona askari aliinua koleo lake la kutolea mikate.

"Ushahidi sitoi! Nina mikate motoni."

"Hatukuja kwa ushahidi, mama," alisema Leocadia. "Tumekuja kwa mikate."

"Mingapi? Samahani, hata sisikii kwa moto huu. Mchukue miwili. Ni Evodio, eh? Maskini Evodio." Na bila kuulizwa tena, Prisciliana alianza. "Mimi nilikuwa hapa hapa langoni. Hermelinda anatoka, na Evodio anamsindikiza, mkono mmoja kwenye tako. Anamwambia, Hermelinda, we nyigu wa kike, kesho nitakufungia lango! Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Akichomwa, yowe lake tunalisikia huku, najua sasa ni saa ya kukoroga uji. Mwanaume mzima!"

"Alimsindikiza mpaka langoni? Kwa miguu yake?"

"Kwa mguu mmoja na nusu, ndiyo. Akarudi ndani anaimba."

Bulmaro aliacha kutafuna. Leocadia moyoni alishalizika wazo la mzio. Mtu aliyechomwa, akakaa kahawa nzima, akatembea hadi langoni na kutukana, hakuuawa na sindano ile.

"Halafu?"

"Halafu muda ukapita, nimeshatoa mikate ya kwanza, nasikia Nicéfora anapiga kelele. Nikakimbia. Hermelinda naye alikuwa bado pale kona kwa mgonjwa mwingine, akaja mbio. Evodio yuko sakafuni, kwisha habari yake. Hermelinda akapiga magoti, akamsikiliza kifua, akambonyeza, wapi. Sasa hapa ndipo nikuambie jambo, binti, nawe usiseme limetoka kwangu." Prisciliana alisogea. "Akamkunja mkono wa shati. Akatazama. Kisha akaushusha haraka, akaufunga kifungo. Nikajisemea, huyu anaficha kitu."

"Mkono upi?"

"Wa moyo. Kushoto."

"Akamtazama nani baada ya hapo?"

Mjane alifikiri. "Nicéfora. Hakumtazama kwa muda mrefu. Ndipo Nicéfora akaanza kumwita muuaji. Fikiria! Mama yake wa ubatizo! Hermelinda ndiye aliyemshika kanisani akiwa hivi, kama mkate huu. Sasa kamtemea mate mbele ya watu."

Walipotoka, Bulmaro alijipangusa sukari mdomoni. "Kwa hiyo bibi aliiona alama ya mkononi akaificha. Si vizuri kwake hiyo, afande."

"Kama aliichoma yeye, si vizuri. Lakini vidole vyake umeviona."

"Basi dawa feki? Siku hizi ziko tele."

"Hilo linaulizika," alisema Leocadia. "Ila liko jambo linanisumbua zaidi. Kwa nini alikuwa anapiga yowe?"

"Si kachomwa?"

"Twende dukani kwanza."

Duka la dawa lilikuwa kwenye kona ya uwanja wa kanisa, na ubavuni mwake chumba cha daktari, mlango kwa mlango, kama yalivyo maduka mengi ya namna hiyo. Muuzaji alikuwa kijana mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko kaunta yake. Alipoulizwa kuhusu dawa feki alitoa maboksi yote, akayapanga, akaonyesha mihuri. Bulmaro aliyakagua moja moja na kuyalinganisha na boksi tupu lililokamatwa kwa Hermelinda. Hapakuwa na kasoro.

"Fungua moja la msuli," alisema Leocadia.

Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya unga mweupe, na kando yake kichupa cha kioo cha kuvunjwa shingo, kimejaa kimiminika kisicho na rangi.

"Hiki ni maji?"

"Hapana, mama. Hii ni lidokeini, dawa ya ganzi. Seftriaksoni ikiingia kwenye msuli inauma mno, kwa hiyo huchanganywa na ganzi. Mgonjwa anasikia kidogo tu."

"Kidogo tu."

"Kidogo sana."

Leocadia alimgeukia Bulmaro, na Bulmaro, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo ila alipenda kula, akaweka chini mkate wake. Mzee Evodio alikuwa anapiga yowe hadi mtaa unakoroga uji. Na Hermelinda kule mahabusu alisema amechanganya unga na maji. Alisema maji.

"Boksi la mwisho ulimuuzia nani?"

"Nicéfora mwenyewe. Siku ile ile, asubuhi na mapema. Ya msuli yalikuwa yamekwisha, nikampa la mshipani. Unga ni ule ule, ila ndani huja maji safi badala ya ganzi. Nikamwambia, hili ni la mshipani. Akauliza tofauti. Nikamwambia, dawa ni ile ile, ila mshipani inakimbia, inafika mara moja." Dhamiri ikamgusa. "Nilimwambia pia amuulize daktari."

"Boksi hilo lilirudishwa?"

"Halijarudi."

Daktari wa chumba cha pembeni, ndiye aliyemwandikia mzee sindano, aliwapokea wima, stethoskopu shingoni. Leocadia hakumzungusha.

"Kwa nini Hermelinda hakutumia ganzi kwa Mzee Evodio?"

"Kwa sababu nilimkataza. Moyo wa mzee ulikuwa unapiga polepole, umeme wake ulikatikakatika njiani. Sikutaka hata tone la lidokeini karibu naye. Nikamwambia achanganye na maji safi ya sindano, mzee avumilie maumivu."

"Na lidokeini ikiingia mshipani?"

"Seftriaksoni iliyochanganywa na lidokeini haiingii mshipani kamwe. Kwa mtu yeyote. Na kwa moyo ule..."

"Familia uliwaambia?"

"Nilimwambia Hermelinda."

"Sikuuliza hilo, daktari."

Aliitazama sakafu yake safi. "Hapana. Sikuwaambia."

Garini Bulmaro alikuwa wa kwanza kusema. "Kila boksi lililotumika liliacha kichupa kimoja cha ganzi. Hermelinda havitumii. Viko wapi?"

"Nyumba ya wakulima ile. Umewahi kuona wanatupa kitu?"

Walipofika langoni kwa Mzee Evodio, Leocadia alisimama, akashika kifungo cha koti lake, akakizungusha mpaka uzi ukakatika. Bulmaro alimwona. Kwa busara aliyokuwa nayo akatazama pembeni.

Nicéfora alifungua akiwa na mafungu ya maua mikononi, vidole vimekuwa vya njano. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mabega ya kazi na macho yaliyokosa usingizi.

"Wamemhukumu?"

"Bado, dada. Tunaomba kuingia."

Sebuleni madhabahu ya wafu yalikuwa yamejaa: mishumaa, chumvi, maji, mkate, na picha ya mama yake aliyefariki mwaka uliopita. Picha ya Mzee Evodio ilikuwa kando, juu ya cherehani, peke yake, kwa kuwa aliyekufa juzi hajafikiwa na zamu ya kualikwa. Leocadia alipiga ishara ya msalaba kwanza. Kisha akaonyesha koti lake.

"Samahani, una uzi? Naenda mbele ya hakimu na kifungo mkononi."

Hata adui hamnyimi mtu uzi. Nicéfora alifungua kabati, akatoa kopo la biskuti, lile la bati la duara ambalo katika kila nyumba ya mji ule halijawahi kuwa na biskuti, akaliweka mezani. Leocadia aliinua kifuniko. Mlikuwa na nyuzi, vifungo, zipu kuukuu, risiti ya mnada wa farasi, tasbihi iliyokatika. Na chini ya nyuzi, kichupa kimoja cha kioo. Alikitoa kwa vidole viwili.

"Hiki je?"

"Maji. Maji ya sindano yaliyokuwa yanabaki. Baba hakutaka kitu kitupwe."

"Vilikuwa vingi?"

"Vichache."

"Sasa kimebaki kimoja."

Nicéfora alianza kuyapanga upya maua ambayo yalikuwa yamepangika.

"Mama yako alipougua, nani alimwekea dripu hapa nyumbani?"

"Mimi. Nesi alinifundisha. Mkono wangu ni mzuri, hata yeye alisema."

"Naamini. Daktari wa maiti naye anasema alama ya mkononi kwa baba yako ni ya mkono mzuri." Leocadia aliketi bila kukaribishwa. "Maabara hawamjui baba yako, Nicéfora. Na duka halijarudishiwa boksi. Niambie wewe, kabla sijasema mimi."

Bulmaro alivua kofia.

"Alitaka kutembea," alisema Nicéfora. "Huu ni mwaka wa kwanza wa mama. Alisema atafika kaburini kwa miguu yake, hatabebwa kwenye toroli la maua kama gunia. Kila asubuhi anaukanyaga mguu, unamgomea. Akalia. Baba yangu, hajawahi kulia. Nikasema, basi. Muuzaji alisema ni dawa ile ile, ila mshipani inakimbia. Nikasema nitamwongezea moja."

"Baada ya Hermelinda kuondoka."

"Yeye alilikataa boksi la mshipani. Alikuwa na boksi moja la msuli limebaki, akatumia lile. Ila maji yake mkobani yalikuwa yamekwisha, akayatoa yale ya boksi jipya. Akasema unga uuache, nitakuja kesho na maji mengine. Kesho! Wafu hawasubiri kesho." Sauti ikapanda. "Kwa hiyo nikachukua maji ya kwenye kopo. Vichupa ni vidogo, na mshipani dawa hutaka kuchanganywa na maji mengi, nilimwona nesi. Nikavivunja, nikabakiza hicho. Nilinawa mikono. Nilitoa hewa kwenye bomba. Nilifanya kila kitu vizuri!"

"Alikuambia nini?"

"Alisema, Nice, midomo inakufa ganzi. Akasema masikio yanalia. Kisha akaanza kutetemeka." Aliuma mkono wake. "Ilikuwa sindano ya Hermelinda! Ilikuwa imeshaanza kumla, yangu ikachelewa. Mimi nilimpa dawa na maji. Maji hayamuui mtu."

Leocadia angeweza kusema mwenyewe. Alikuwa na kichwa kigumu lakini hakuwa na moyo mgumu, na kwa sekunde kadhaa alitamani kifungo kile kisingekatika. Kisha akakumbuka vidole vilivyojikunja juu ya meza ya mahabusu, akakisogeza kichupa mbele ya Nicéfora.

"Kisome."

"Nakijua."

"Kisome, dada."

Nicéfora alikisogeza karibu na mshumaa wa mama yake. Maandishi yalikuwa madogo, akakizungusha. Midomo yake ilifuata herufi, ikasimama, ikarudi mwanzo.

"Haya si maji."

"Si maji. Ni dawa ya ganzi, ya kuchanganyia sindano za msuli. Daktari alimkataza Hermelinda asiitumie kwa baba yako kwa sababu ya moyo wake. Ndiyo maana alikuwa anapiga yowe. Ndiyo maana vilikuwa vinabaki."

Nicéfora hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Bulmaro hofu hata akasogea karibu. Alikirudisha kichupa ndani ya kopo kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kukivunja, akaweka nyuzi juu yake. Leocadia akakitoa tena, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Hata mmoja hakuniambia."

"Najua."

"Mama Hermelinda alijua kwamba ni mimi?"

"Tangu alipokunja mkono wa shati."

"Na akanyamaza." Akaiangalia picha juu ya cherehani. "Nami nilimtemea mate."

Aliomba jambo moja tu, Prisciliana aitwe awashe mishumaa jioni, mama yake asije akaikuta nyumba giza. Kisha akanawa mikono. Njano haikutoka.

Saa kumi kasoro, Mkuu Arriaga alisoma maelezo akiwa amesimama, akavua koti lake. Hakusema Leocadia amefanya vizuri, hiyo haikuwa tabia yake. Alimpigia simu karani wa hakimu, akaomba jina moja lifutwe. Jina la pili alilitaja kwa sauti ya chini.

Hermelinda alitolewa mahabusu wakati Nicéfora anaingizwa. Walipishana kwenye kibaraza. Binti aliinamisha kichwa. Bibi aliunyoosha mkono wake mzuri, akamgusa shavu, mlango wa nondo ukafungwa kati yao. Ndipo akamgeukia Leocadia, na hasira ilikuwa usoni waziwazi.

"Ulimwonyesha."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa nimeshaamua. Siku zangu zimebaki ngapi? Zake ni nyingi. Angeishi bila kujua."

"Uliamua peke yako. Daktari naye aliamua peke yake nani aambiwe. Mtaa wote ule, mama, kila kabati lina kopo la biskuti, na kila kopo lina vichupa ambavyo watu wanaviita maji. Ukinyamaza wewe, nami nikinyamaza, tutamzika nani mwakani?"

Hasira ilimtoka bibi polepole, na ilipotoka hakubaki na kitu cha kumshikilia, akatafuta ukuta.

"Nilichukua maji nikaacha unga," alisema. "Nilimwambia kesho. Sikumwambia kwa nini."

"Watakuhitaji uyaseme hayo mbele ya hakimu. Yatamsaidia."

"Nitayasema. Na wiki ijayo utanipa huyu mlafi wako tupite nyumba kwa nyumba, tuyafungue hayo makopo."

"Mimi?" alisema Bulmaro.

"Wewe. Utabeba."

Leocadia alimletea mkoba wake na shali, akamwambia gari liko tayari kumpeleka nyumbani, Prisciliana amemwekea mkate. Hermelinda aliuchukua mkoba. Lakini badala ya kwenda mlangoni, alilikokota benchi la kibaraza kwa mkono wake mmoja na nusu, likakwaruza sakafu mpaka likatazamana na chumba cha Nicéfora, akaketi.

"Mama, nenda ukapumzike. Hapa hakuna la kufanya."

"Mtu akishachomwa, mwanangu, haachwi peke yake." Alilivuta shali. "Niletee kahawa."

Bulmaro alikwenda mwenyewe hadi kwa mama muuza kahawa pale nje, akarudi na kikombe cha udongo, mdalasini unanukia. Hermelinda alikipokea, akakipuliza, akanywa kidogo sana, na macho yake yalikuwa kwa binti.